Nusu ya Mbuzi Chini ya Benchi Yangu

Jirani yangu amekufa. Ninyi benye munasomaka hii kona ya gazeti kila wiki, munajua kama miye naongezaka chumvi mu kila habari mpaka supu inashinda kunywewa. Leo nitapunguza, na bibi yangu wa ndoa, mwenye anaandikaka hii maneno juu ya vile kalamu na miye hatukusikilizana tangu utoto, ameapa ataweka kalamu chini kila mara nikizidisha. Basi. Alikufa mardi, siku ya pili ya kazi, asubuhi, kisha kumaliza kopo yake ya chai. Bibi yake alikuya ku lupango ya matete yenye inagawanya kiwanja ya parsele yao na yetu, hakulia, hakupiga kelele, akasema tu: “Vwazen, jirani, muzee amepumuzika.” Mutu wa roho muzuri angemulilia kwanza. Miye nilianza kuangalia benchi yangu.

Juu ya nini? Ile benchi, mbao yake ya kukalia haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu. Nilimuibia, na ilikuwa imemaliza mwaka moja na miezi mu parsele yangu, imepigwa misumari ine juu ya vishina mbili ya karatusi. Na munajua vile kilio inaendaka hapa kwetu Bunia. Batu ya kwanza bakifika ku musiba, banasalimia, banainamisha kichwa, kisha banaanza kutafuta mahali ya kukaa. Banapita nyumba kwa nyumba banakusanya viti, mabenchi, meza, hata bidon, dumu ya maji, ya kugeuza. Benchi yangu ilikuwa pale ku mulango, kitu ya kwanza mutu anaona akiingia. Na chini yake kulikuwa alama yenye marehemu mwenyewe alichoma na chuma ya moto. Donk, basi, nilikuwa na saa moja, labda mbili, kabla avenii, mutaa wetu muzima, haijajua miye ni nani.

Ngojeni nianzie nyuma kidogo. Huyu mutu alifika hapa na bibi na batoto yake bane, badeplase, bakimbizi ya vita, kutoka upande wa Djugu, vile bengi balifika. Alipanga ile nyumba ndogo ya udongo ku mwisho wa avenii, yenye iko na parsele ya nyuma ndefu kama ulimi ya shefu wa avenii. (Bibi yangu anasema nitoe hiyo. Nimekataa.) Bengine banafikaka na magodoro na sufuria. Huyu alifika na musumeno, nyundo ya mti, na patasi tatu zimefungwa mu kitambaa kama mutoto mwenye amezaliwa jana. Kule kwabo alikuwa fundi wa mbao. Hapa akaanza kutengenezea batu milango na madirisha, na badala ya kulipwa vingine, alikuwa anaomba mbao. Libuyu tu, ile mbao nyekundu yenye makamio, ile malori, inatoaka Mambasa. Mulango moja, mbao moja. Dirisha mbili, mbao moja. Tulikuwa tunamuona anapita nayo ku bega, pole pole, kama mutu mwenye anasindikiza mugeni.

Miezi ikapita, akaanza kujenga chumba kule nyuma ya nyumba. Chumba ya mbao, ya kusimama yenyewe nje, bila kushikana na nyumba. Nilipima na miguu yangu siku moja hakuwako: hatua tano kwa hatua ine, mulango moja, dirisha moja kama ya kanisa ya sungura. Hapo hakuna kitu mubaya, kila mutu iko na haki ya kujenga payoti, kibanda ya kupumuzikia, mu parsele yake akae na upepo. Lakini miye nilikuwa nasikiliza. Fundi bote ya Bunia bakijenga, unasikia musumari: ta, ta, ta, mpaka kichwa inauma. Kwake ilikuwa ko… ko… ko…, ile nyundo ya mti, polepole. Nikapanda juu ya ndoo, nikaangalia juu ya matete. Hakuna musumari hata moja. Mbao iko inaingia mu ingine, meno mu tundu, kisha anapiga kigingi ya mti. Nikajiuliza: mutu mwenye hatake musumari, anaficha nini? Nilimuuliza siku moja ku lupango, kwa sauti ya mutu mwenye hana haja. Akajibu: “Vwazen, musumari unaingia haraka, lakini kitundu yake haifungikake tena. Mbao yenye ilipigwa musumari haisahau.” Nikatingisha kichwa kama nimeelewa. Nikaingia mu nyumba nikamuambia bibi yangu kama huyu mutu iko na kitu.

Na kweli, samedi yenye ilifuata, kisha ya salongo, ile kazi ya kusafisha avenii ya kila mwisho wa wiki, wakati batu bote banarudisha majembe na banaenda kunawa, huyu mutu akatundika saa yake ku muti wa lupango, akavua shati, akaanza kubomoa chumba yake yenyewe. Chumba ya mupya. Alitoa kigingi moja moja, akashusha mbao moja moja, akapanga yote chini kwa hesabu, akaangalia saa. Akakunywa maji. Kisha akaanza kujenga tena. Ko… ko… ko… Mpaka saa kumi na moja, chumba imesimama kama hakuna kitu ilipita. Samedi ingine, hivyo hivyo. Na ingine tena. Sasa niambieni ninyi, batu ya akili: mutu anajenga nyumba, analala ndani. Huyu anajenga, anabomoa, anaangalia saa, anajenga. Wiki tatu hivi, avenii muzima hakukuwa na mutu anazungumuza habari ingine.

Ya kwanza tuliwaza, kama kila mutu wa Ituri angewaza, ni zahabu. Hapa kwetu mutu akijificha nyuma ya mbao, anachimba. Tulisema ile chumba iko juu ya shimo, na kila samedi anabomoa juu apate kutoa udongo. Miye mwenyewe, sitaficha, nilianza kuchimba upande wangu, karibu na matete, juu nilijua kama mushipa wa zahabu hauheshimiake mupaka wa parsele. Nilishuka mita kumi. (Kalamu imewekwa chini. Basi, ilifika mu kiuno.) Nilipata ndala moja ya muguu wa kushoto na mufuniko ya chupa. Bibi yangu aliniuliza nachimba nini, nikasema nataka kupanda ndizi, na mpaka leo kuko ndizi pale, haijawai kuzaa, nadhani ilisikia haya.

Kisha ikakuya ile samedi ya magodoro. Hiyo nataka muielewe vizuri, juu batu ya mbali habawezi kuelewa. Siye batu ya Bunia tulijifunza kusoma jirani kuliko kitabu. Jirani akinunua chumvi nyingi, tunajiuliza alisikia nini. Jirani akipigia ndugu yake telefone anasema polepole, tunasogea. Jirani akifunga godoro, siye tunafunga godoro, na ni njiani tu njo tunaulizana tunakimbia nini. Hatufanyi hivyo juu ya ujinga. Tunafanya juu kuko siku mwenye aliuliza kwanza njo alibakia nyuma, na hatukumuona tena. Basi ile samedi, mvua ilikuwa inanyanyuka mweusi upande wa muto Shari, na jirani yangu akaanza kubomoa haraka sana, mara mbili kuliko siku ingine, anaangalia mawingu, anaangalia saa, anaangalia mawingu. Mama moja wa ku kona akamuona. Akaingia ndani, akatoka na godoro ku kichwa. Jirani yake akaona godoro. Saa nane haijafika, avenii yote iko inje: mbuzi, kuku mu kikapo, sufuria ingali na maharagi ya moto, mutu moja amebeba mulango wake. Miye nilikuwa wa tatu kutoka mbele, na nilikuwa nimesahau kiatu lakini nilikumbuka redio.

Jirani yangu akatoka na mbao yake ku bega, akasimama katikati ya njia, akauliza kwa heshima: “Munahamia wapi?”

Shefu wa avenii, naye iko na mufuko ku mugongo, akamujibu na hasira: “Weye njo ulianza kuhama.”

“Miye nilikuwa nakimbiza mvua,” akasema.

Mvua ikanyesha palepale juu ya magodoro yote. Sitawaambia maneno yenye ilisemwa, hii ni gazeti. Lakini shefu alimuita mbele ya batu bote, hapo hapo mu matope, akamuuliza mara moja na mwisho: hii kujenga na kubomoa, unafanya nini? Jirani akapangusa maji ku uso. “Najifunza,” akasema. Shefu: “Unajifunza nini?” Na yeye: “Kurudi. Siku banasema njia iko wazi, sitaki nirudi mikono mitupu nianze na majani. Kule nyumba yetu haiko tena. Nitarudi na hii, kamio moja, na siku yenye tutafika, bibi na batoto balale ndani ya mbao. Nataka isipite masaa tatu.” Mama wa ku kona akashusha godoro yake. Shefu akasema sawa, lakini siku zingine akibomoa atuambie kwanza. Na kila mutu akarudi kwake kuanika.

Bote baliamini. Miye hapana. Muniulize juu ya nini, sijue kujibu vizuri. Nadhani ilikuwa jibu ya muzuri sana, na miye jibu ya muzuri sana inanitiaka woga. Mutu mwongo anapanga maneno yake hivyo, nilijiambia. Na ile dimanshi yenye ilifuata, mbao zake zote zilikuwa zingali zimelazwa juu ya matete upande wangu zikauke, na bote balienda ku misa. Miye nilibaki na jino. Jino haikuwa inauma, jino ilikuwa shahidi. Nilivuta mbao moja polepole, nikaigeuza. Ku pembe ya kushoto kulikuwa kumechomwa na chuma ya moto nusu ya mbuzi. Ya nyuma. Miguu mbili, mukia, na tumbo inakatika ku ukingo wa mbao kama imekatwa na kisu. Ku pembe ya kuume, nusu ya sufuria. Bandugu, nywele yangu ilisimama. Mutu mwenye anachora nusu ya mbuzi, nusu ingine iko wapi? Iko anaifuga wapi? Nikasema: zahabu si zahabu, hii ni bulozi, uchawi kabisa, nimeshika ushahidi. Nikaibeba mpaka ku mulango wa shefu. Nikanyanyua mukono kupiga hodi. Hapo njo akili ikarudi: shefu ataniuliza ushahidi umeutoa wapi. Nikageuka. Nataka kurudisha mbao, nasikia banakuya njiani banaimba, misa imeisha. Basi nikachukua vishina mbili, misumari ine, nikapiga ta, ta, ta, ta, mbuzi ikiangalia chini. Bibi yangu alipoingia, aliona benchi mupya na mume anashika shavu. Nilimuambia mutoto wa mama mukubwa yangu ameituma kutoka Irumu. Aliniangalia sana. Hata sasa iko ananiangalia.

Samedi yenye ilifuata, ko… ko… ko…, chumba ikapanda, na ku ukuta wa upande wangu ikabakia nafasi moja, upana wa kiganja na nusu, kutoka chini mpaka juu. Nilingoja kelele. Hakuna. Alinawa mikono, akavaa shati, akakuya kwetu, akasimama ku mulango. “Vwazen, naikosa mbao moja.”

Nikamuambia mu hii avenii kuko bezi sana, alinde vitu yake.

“Ni kweli,” akasema. Akaketi. Juu ya benchi. Akapitisha mukono juu yake, kisha chini yake, polepole, vile mutu anapapasaka mugongo wa mbuzi. “Benchi ya muzuri.”

“Ya Irumu,” nikasema.

“Irumu iko na mbao ya muzuri,” akasema, na akaomba chai.

Kutoka siku ile akawa anakuyaka kila dimanshi, kisha misa. Kiti kiko, anaketi ku benchi. Jua iko ku benchi, kivuli iko ku kiti, anaketi ku benchi. Na kila mara, kabla ya kwenda, ule mukono chini. Miye nikawa na hakika iko ananiwekea kitu. Akienda, nainama naangalia: hakuna kitu, paka ile nyuma ya mbuzi inanielekea. Nilisafisha benchi na maji ya chumvi mara mbili. Na kitu ingine kilinisumbua: ni fundi, iko na mbao, angekata ingine na kuziba ile nafasi kwa nusu saa. Hakuziba. Nilimuuliza kwa nini anaacha upepo iingie. Akajibu: “Ile nafasi iko na mwenyewe. Atakuya.” Nilipata homa siku mbili. Nilisikia ni vitisho, nikajua huyu mutu iko anangoja tu saa yake.

Sasa, mutu akiwa na kosa na nafasi ya kiganja na nusu mbele ya macho yake, atafanya nini? Ataangalia. Niliangalia mwaka muzima. Nikinyoa, naangalia. Nikikula, naelekeza sahani kule. Nilimuona anasaga patasi. Nilimuona bibi yake anachagua maharagi, batoto banasoma ku meza, yeye anacheka peke yake. Kila samedi nilimuona anabomoa, na nikajua bila kutaka: mulango inatoka kwanza, kisha pembe ya mashariki, vigingi ya juu mbele ya vigingi ya chini, na usiguse dirisha mpaka ukuta wa nyuma umelala. Sikuona kitu mubaya hata moja. Na hiyo njo ilinitia mashaka kuliko yote, juu niliwaza: mutu gani iko safi hivi, kama hajue iko anaangaliwa?

Kisha kifua yake ikaanza. Ilikuwa kikohozi ya kawaida, kisha haikuwa ya kawaida. Akaacha kubomoa samedi. Dimanshi bado alikuwa anakuya, lakini anatembea na kusimama, kama anahesabu matete. Siku moja aliniambia kule kwabo batu bameanza kurudi, bamelima, kamio imepatikana, iko anangoja tu kiangazi. “Mbao yote ikitimia, tunaenda,” akasema, na akanywa chai yake, na hakuniangalia. Hapo, bandugu, mulango ulikuwa wazi. Nilikuwa na neno moja tu ya kusema. Vwazen, unaikalia. Haikuwa hata neno ya nguvu. Nilimuambia sukari imepanda bei ku soko. Akasema ndiyo, imepanda. Hiyo njo ilikuwa dimanshi ya mwisho.

Basi turudi mardi. Bibi yake ku matete, miye naangalia benchi. Niliwaza kuitia ndani ya nyumba. Niliwaza kuifunika na blanketi. Niliwaza hata kuikalia kilio muzima nisinyanyuke, kama mutu mwenye huzuni imemuvunja miguu. Ningali nawaza, bijana babili ya kukusanya viti bakaingia, bakasema pole baba, moja akaishika, akaigeuza, akaiweka ku kichwa. Miguu ya karatusi juu, mbao chini? Hapana. Aliibeba vishina vikiangalia nyuma, na ile alama ikawa wazi ku mbingu na ku dunia. Nilimufuata nyuma. Ile njia ni hatua arobaini, lakini siku ile ilikuwa ndefu kama ya Kisangani, na mbele yangu muda wote ni nyuma ya mbuzi, inatembea, inayumba, inapita mbele ya mama wa ku kona, mbele ya shefu, mbele ya batu bote ya magodoro.

Kilio ilikuwa ndani ya ile chumba ya mbao. Wanawake balikuwa bameketi chini, mvua ilikuwa imeanza, na upepo ilikuwa inaingia na ile nafasi moja kwa moja ku uso wa mwenye musiba. Kijana akaweka benchi kando yake, imelala upande. Bibi ya marehemu akaiona ile alama. Batoto yake bakaiona. Ku ukuta, upande wa ile nafasi, kulikuwa kichwa ya mbuzi, imechomwa vizuri, na ndevu, iko inangoja. Ni pale tu njo nilielewa: kila mbao ilikuwa inabeba nusu ya picha, na nusu ingine iko ku mwenzake, juu ya kujua nani anakaa kando ya nani. Sufuria, jembe, kuku, kengele ya kanisa. Vitu ya kwabo yenye baliacha. Hakuna bulozi. Ni fundi tu alikuwa anaogopa kusahau.

“Mama,” nikasema, “miye njo…”

“Najua, vwazen,” akasema. “Siye bote tunajua. Kila dimanshi alikuwa anarudi hapa anatuambia: mbuzi iko muzima, bameilisha chai. Tulikuwa tunacheka mpaka batoto banaanguka.” Akapangusa macho na kitenge. “Nilimuambia aende aichukue. Akakataa. Alisema ukimunyanganya mutu, atabaki na hasira, ukimungoja, ataileta. Sasa ingiza, mvua iko inatupiga.”

Nilitoa misumari na mikono yangu. (Bibi yangu ameweka kalamu chini. Basi, mikono na koleo.) Niliinyanyua ile mbao nikaisukuma mu nafasi yake. Ilikataa kidogo, juu ya kukaliwa mwaka muzima, kisha nikachukua ile nyundo ya mti, ko… ko…, na mbuzi ikapata tumbo na miguu. Upepo ikasimama. Mwanamuke moja mwenye alikuwa analia akaacha, akaangalia ukuta, akaanza tena polepole. Ilibakia tu vitundu ine ya misumari yangu, na mvua ilikuwa inachungulia mule.

Kilio ilipoisha na kiangazi kufika, kamio ikakuya. Batoto yake bakasimama mbele ya chumba na habakujua pa kuanzia, juu baba yao kila samedi alikuwa anafanya peke yake, na bao balikuwa banatumwa ku maji. Fundi moja wa jirani akasema lete nyundo ya chuma tuvunje. Mama akauliza kama hakuna mutu anajua utaratibu. Hakuna. Kisha akageuka, akaniangalia miye, na nikaona iko anakaribia kucheka. Mulango kwanza, nikasema. Kisha pembe ya mashariki. Dirisha musiguse. Nilibomoa chumba ya marehemu kwa saa moja na nusu, na saa yake ku muti, na sikuulizia mutu. Nikapanda ku kamio pamoja na mbao, juu kule pia kulihitajika mwenye anajua. Magaribi haijaingia, balikuwa bameketi ndani, kule kwabo, juu ya kilima yenye sitaitaja, na masaa ya kuisimamisha ilikuwa mbili na dakika chache. Yeye alitaka tatu. Jua ya mwisho ilikuwa inapita mu vitundu yangu ine inaweka alama ine ya moto ku meza. Nikasema nitakata vijiti nivizibe. Mama akasema: “Acha. Tutajua ni kwa vwazen.”

Nimerudi Bunia. Ku mulango wangu kuko vishina mbili ya karatusi, katikati hakuna kitu, na sitaweka. Mutu akiuliza benchi iko wapi, namuambia imerudi kwabo. Tangu nirudi nawaza maneno moja tu. Miye nilimuchunguza ule mutu mwaka muzima na macho mbili na nafasi ya kiganja na nusu, na sikumujua. Yeye alipitisha mukono mara moja chini ya benchi yangu, akanijua yote, na akaomba chai. Siku hizi mama wa ku kona iko anajenga kitu nyuma ya nyumba yake, amekifunika na bashi, turubai ya plastiki, na miye, sitawadanganya, nimeanza kuwaza. Lakini kabla sijapanda juu ya ndoo, nainamaka kwanza naangalia chini ya kile nakalia.